Mwalimu Aliyeishia Darasa la Nne

Nilipofika Nyamwaga nikiwa mke wa fundi cherehani, nilikuwa sijui kusoma. Nasema hivyo ingawa si kweli kamili. Kwetu Ujiji nilihitimu chuo cha Kurani, msahafu niliukhitimisha, na herufi za Kiarabu nilizijua kama ninavyovijua vidole vyangu. Lakini gazeti, jina la dawa kwenye chupa, au kibao mbele ya basi, vyote hivyo vilikuwa giza. Kwa hiyo serikali ilipotangaza kwamba kila mtu mzima ajue kusoma na kuandika, mume wangu Abdurahmani alininunulia daftari, nami nikaenda kuketi benchi moja na wafugaji wa Kikurya waliokuja darasani na fimbo zao.

Mwalimu wetu alikuwa Teresia, mjane wa Simioni. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake, na siku zote alivaa raba za kiume kwa sababu viatu vya kike vya saizi yake havikupatikana Tarime nzima. Alisoma kwa masista wa misheni hadi darasa la nne, kisha babake akamwozesha. Alizaa mabinti wawili, wote wakaolewa upande wa Kenya. Mtoto wa kiume hakupata. Watu walipohamishiwa kwenye kijiji mwaka sabini na nne, nyumba zikapangwa mstari kando ya barabara, yeye alipewa kiwanja chake na kuandikwa kwenye daftari la kijiji kwa jina lake mwenyewe, kwa kuwa mumewe alikwisha kufa. Mwaka huohuo alijitolea kufundisha kisomo. Tulisomea kwenye ghala la kijiji, saa tisa alasiri, tukikalia mabenchi katikati ya magunia ya mahindi.

Mwanafunzi mwenye bidii kuliko sisi sote alikuwa Mwikwabe, mtu wa makamo, mwenye ng'ombe na heshima. Alipoanza kuunganisha silabi, alisoma kila kilichoandikwa: mifuko ya mbolea, pakiti za majani ya chai, mpaka lebo ya shati la mtu aliyeketi mbele yake. Binti yake Mogesi alikuwa darasa la saba, na Mwikwabe alikuwa akituambia kwa fahari kwamba nyumbani binti ndiye anayemsahihishia.

Siku moja ya Machi mwaka sabini na tano alikuja darasani ameshika bahasha. Balozi wa nyumba kumi alikuwa amemkabidhi njiani. Aliipeleka kwa Teresia, nadhani kwa mazoea tu ya miaka yote ya kusomewa. Teresia alitabasamu, akaizuia kwa mkono.

"Hii ni barua yako ya kwanza, Mzee Mwikwabe. Isome mwenyewe. Simama, wenzako wasikie."

Mwikwabe akasimama. Alisoma kidogokidogo, kidole kikifuata mstari. "Ndu-gu Mwi-kwa-be." Tukampigia makofi. "Na-si-ki-ti-ka ku-ku-a-ri-fu..."

Hapo Teresia akainua uso. "Keti, Mzee. Iliyobaki tutaisoma baadaye."

"Acha nimalize, Mwalimu. Sijakwama."

Akaendelea. Anayejifunza kusoma hutangulia kuitamka sauti kabla maana haijamfikia, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. "Bi-nti ya-ko Mo-ge-si, wa da-ra-sa la sa-ba, a-me-o-ne-ka-na ni m-ja m-zi-to." Neno la mwisho alilirudia, akiliunganisha kama tulivyofundishwa. "Mja mzito." Palibaki mistari miwili, ile ya kusema kwamba ameondolewa shuleni kuanzia siku hiyo, lakini hakuisoma. Alikunja barua kwa kufuata mikunjo yake ya zamani, akachukua fimbo, akatoka. Hakuna aliyecheka. Teresia alifuta ubao, ingawa alikuwa bado hajaandika kitu.

Siku tatu baadaye Teresia alinipitia dukani kwetu, alikoshonea mume wangu. "Mama Adija, nisindikize kwa Mwikwabe. Nikienda peke yangu nitaishia njiani."

Nilifunga sukari kwenye karatasi, tukaenda. Tulimkuta Mwikwabe uani akichonga mpini wa jembe. Watu walikuwa wamesema kwamba angempiga binti yake mpaka amuue, lakini hakumgusa. Alimhamishia tu jikoni kulala, na hakusema naye tena. Tulimwona Mogesi mlangoni mwa jiko, akipepeta nafaka ya wimbi, uso chini. Alikuwa na miaka kumi na sita.

"Nimekuja kwa sababu ya kosa langu," Teresia alisema baada ya salamu.

"Kosa lipi? Barua uliandika wewe?"

"Nilikusimamisha mbele za watu."

Mwikwabe aliendelea kuchonga. "Mwaka mzima umenifundisha. Nimesoma. Sasa unaniomba radhi kwa kuwa nimesoma?"

"Ndiyo. Nakuomba radhi."

Alichonga kidogo tena, kisha akaweka panga chini, na ndipo akaanza kuzungumza kama mtu aliyekosa wa kuzungumza naye. Aliyempa Mogesi mimba alikuwa kijana mnunuzi wa ngozi, mtu wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari, na tangu habari ienee hakuonekana tena mnadani. Kulikuwa na mzee wa Kemambo mwenye wake watatu ambaye alikuwa tayari kumchukua Mogesi na mimba yake, kwa mahari ndogo. Angekuja Jumamosi.

"Usimpe yeye," Teresia alisema. "Nipe mimi."

Mimi si mtu wa kule kwa asili, kwa hiyo nilidhani nimesikia vibaya. Lakini Mwikwabe hakushangaa. Wakurya wana desturi wanayoiita nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe na kuoa msichana, ili watoto atakaozaa yule msichana wawe wa nyumba yake na jina la nyumba lisipotee. Ni ndoa inayotambuliwa, wazee wanakaa, ng'ombe wanahesabiwa.

"Unaoa?" Mwikwabe akauliza.

"Kama lazima tuite hivyo, naoa. Lakini atasoma."

"Asome nini? Shule imekwisha."

"Atasoma kwangu."

"Wewe uliishia la nne, Mwalimu. Huyu yuko la saba."

"Najua," Teresia akasema.

Wakakubaliana. Ng'ombe wa Teresia hawakuwa wengi, na walipotoka zizini mwake palibaki majike mawili tu. Tulipokuwa tunarudi nilimwuliza kama wazo hilo alitoka nalo nyumbani.

"Hapana. Nilikwenda kuomba radhi." Tulipofika mbele kidogo akaongeza, "Lakini nyumba yangu haina mtoto wa kiume, Mama Adija. Sitakudanganya kwamba hilo sikuliwaza nilipokuwa nimekaa pale."

Mogesi alihamia na kikapu kimoja. Sare yake ya shule alikuwa ameifua na kuikunja, akaiweka chini kabisa ya kikapu. Wiki ya kwanza alifanya kazi tu. Alichota maji, alipalilia migomba, na aliongea pale tu alipoulizwa. Wiki ya pili Teresia aliweka sanduku la mbao barazani, akalifunika kanga, akamwambia kwamba kila siku saa nne, wakitoka shambani, watasoma hapo mpaka saa saba.

"Kwa mtihani upi?" Mogesi akauliza.

"Bado sijui."

"Sasa tutasoma kwa ajili ya nini?"

"Hilo nalo bado sijui. Keti."

Vitabu havikuwepo. Teresia alikwenda shuleni kumwona Mwalimu Mkuu, Nikolaus, kijana mwembamba, mwenyeji wa Bunda, aliyekuwa akipiga pasi mpaka soksi. Ndiye aliyeiandika ile barua.

"Mwalimu Teresia, sheria sikuitunga mimi," alimwambia kabla hajaulizwa.

"Sikuja kwa sheria. Nimekuja kuomba vitabu vya darasa la saba vilivyochanika, ambavyo ungevitupa."

Nikolaus akatoa vitabu vitatu kabatini, kimoja hakina jalada, akasema visomeke kuwa ni vya darasa la kisomo. Teresia akasema ndivyo vitakavyosomeka.

Sasa, namna yake ya kufundisha niliiona kwa macho, kwa maana mara nyingi nilikuwa nikipita pale na ushonaji wangu. Teresia hakufundisha. Alifungua kitabu, akasoma kwa sauti, na alipofika asipoelewa alisimama na kusema, "Hapa mimi nimepotea. Nielekeze." Na alipotea kweli, hakuwa akiigiza. Mogesi alimweleza kwa sauti ya chini, harakaharaka, kama mtu anayetaka kazi iishe. Lakini Teresia hakuwa mtu wa kukubali haraka.

Siku moja ilikuwa hesabu za sehemu. Kitabu kilisema nne gawanya kwa nusu ni nane.

"Ukigawanya kitu kinapungua," Teresia akasema. "Hii nane imetoka wapi?"

"Unageuza sehemu juu chini, kisha unazidisha. Ndiyo kanuni."

"Kanuni nimeisikia. Nauliza nane imetoka wapi."

Mogesi aliandika hesabu ile mara mbili kwenye daftari, na mara zote jibu likaja nane, lakini kueleza hakuweza. Teresia aliingia ndani akatoka na ndizi nne mbivu, akaziweka juu ya sanduku. Walizitazama. Ni Mogesi aliyechukua kisu, na alipokata ile ya pili akasimama.

"Kila mtu akipewa nusu," akasema polepole, "watakula watu wanane."

"Basi ni watu," Teresia akasema. "Si ndizi. Mimi nilikuwa nahesabu ndizi."

Mogesi akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Machi. Tukala zile nusu sote watatu, na zilizobaki nikamchukulia Abdurahmani.

Tangu siku hiyo alianza kusoma kwa namna nyingine. Alijiandaa kabla, akijua kwamba ataulizwa. Kuna siku alikuja dukani kuniuliza mvua hutoka wapi, si kwamba hakujua, ila alitaka kuona mtu ambaye hajui angekwama wapi.

Habari ya posta tuliipata kwa redio. Redio ilikuwa ya Abdurahmani, na mchana watu walikuja dukani kusikiliza. Siku moja ikatangazwa kwamba watu wazima wanaweza kusoma masomo ya sekondari kwa njia ya posta, kutoka Dar es Salaam, bila kuacha kazi zao. Abdurahmani alikuwa na sanduku la posta Tarime kwa ajili ya biashara yake ya nguo. Aliandika kuomba fomu, ikaja baada ya mwezi.

Waliijaza juu ya meza ya cherehani. Mogesi alikuwa na kalamu, Teresia alisimama nyuma yake.

"Darasa la mwisho kusoma," Mogesi akasoma. "Niandike la saba?"

"La saba hukulimaliza. Andika la sita."

Akaandika. Kwenye kazi akaandika mkulima. Aligeuza karatasi, akaitazama nyuma, akairudisha mbele.

"Hakuna mahali walipouliza," akasema.

"Walipouliza nini?"

Aliweka mkono juu ya tumbo lake, ambalo wakati huo lilikuwa limeshakuwa kubwa. Abdurahmani, ambaye alikuwa akipima kitambaa na kujifanya hasikii, akasema, "Mtu asipouliza, mwanangu, hajibiwi."

Vijitabu vya kwanza vilikuja vimefungwa kwa karatasi ya khaki. Kila kimoja kilikuwa na maswali mwishoni. Unajibu, unatuma, na mwalimu usiyemjua anasahihisha kwa wino mwekundu na kukurudishia. Jibu la kwanza lilikuja Juni. Mwalimu yule alikuwa ameandika chini ya insha yake: *Unaeleza mambo vizuri. Punguza kurudia neno "kwa hiyo".* Mogesi alilisoma mara nyingi. Nilimwona akihesabu "kwa hiyo" zake kwa ncha ya kalamu. Zilikuwa kumi na moja.

Si kila mtu alifurahi. Watoto wa shule walipita barazani wakiimba nyimbo za kumkejeli, na Mogesi aliwahi kutaka yeye na Teresia wahamie ndani. Teresia alikataa, akasema ndani kuna giza. Kisha jambo likaletwa kwenye mkutano wa kijiji. Mzazi mmoja alisimama akasema kwamba mwalimu wa kisomo anafuga mwanafunzi aliyefukuzwa, na mabinti wengine wataona kwamba kupata mimba hakuna hasara.

Mwenyekiti akamwita Teresia ajibu. Alisimama na raba zake, na kwa ile sauti ndogo ikabidi watu wanyamaze ili wamsikie.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba kuuliza. Kisomo ni cha nani?"

"Cha watu wazima."

"Mogesi ataitwa mama kabla ya mavuno yajayo. Mama ni mtoto au ni mtu mzima?"

Watu wakaangua kicheko, na Mwenyekiti naye akacheka. Yule mzazi akasema hilo ni la kuchezea maneno. Teresia akasema, "Hasara ameipata, ndugu yangu. Kila siku anaiona ikipita barabarani na sare. Mimi sijamwondolea hasara. Nimempa kitabu tu." Mwenyekiti akaagiza jina la Mogesi liandikwe kwenye daftari la mahudhurio ya kisomo, na mambo yakaishia hapo. Nyuma kabisa ya mkutano nilimwona Mwikwabe amesimama, ameegemea fimbo.

Mwezi wa Agosti ulifanyika mtihani wa kisomo wa taifa zima. Siku hiyo kijiji kizima kiliketi kufanya mtihani, wazee na vikongwe, na Teresia ndiye aliyekuwa msimamizi. Asubuhi nikiwa njiani kwenda ghalani, penseli mbili mkononi, nilipita kwake na kumkuta Mogesi ameshika nguzo ya baraza.

"Umeanza lini?"

"Alfajiri. Sikumwambia Mwalimu. Angeacha mtihani."

Nikampeleka zahanati, tukipumzika kila baada ya nyumba tatu au nne. Njiani alikuwa akihesabu kwa sauti, akaniambia anapima ni dakika ngapi kati ya uchungu na uchungu, kwa kuwa alisoma hivyo katika kijitabu cha Sayansi. Saa hakuwa nayo, alikuwa akihesabu hatua. Mtoto wa kike akazaliwa adhuhuri. Teresia alikuja saa kumi, karatasi za mtihani ameshafunga na kukabidhi, mikono bado ina chaki. Alimpokea mtoto akiwa amesimama. Walimpa jina la Felista. Mimi mtihani ulinipita, na ndiyo maana cheti changu kinasomeka mwaka sabini na saba, si sabini na tano kama cha wenzangu.

Siku ya saba Mwikwabe alikuja na kibuyu cha maziwa. Alisimama nje ya ua mpaka Teresia alipomkaribisha, akaingia, akamtazama mtoto, akamtazama binti yake. "Mnakula?" akauliza. Mogesi akasema, "Tunakula, baba." Hayo ndiyo maneno yao ya kwanza tangu Machi. Wiki iliyofuata Mwikwabe alirudi darasani na kuketi mahali pake pa mbele.

Ugumu uliokuja baada ya hapo ulitoka kwa ukoo. Rubeni, mdogo wa marehemu Simioni, alikuja mwanzoni mwa mwaka uliofuata akiwa na mzee mmoja. Alisema jambo ambalo kwa desturi halikuwa na kosa. Teresia ameoa ili nyumba ipate mtoto wa kiume. Amezaliwa wa kike. Sasa mtoto anaanza kukaa, basi ni wakati Mogesi atafutiwe mwanamume wa kuzaa naye, na Rubeni alikuwa na mtu anayemfahamu, mtu mwenye adabu. Asipofanya hivyo, siku Teresia akifa, mji, yaani nyumba na ardhi yake, utarudi kwa ndugu wa mume.

Teresia aliwapa chai, akawaambia amesikia.

Mogesi naye alikuwa amesikia, kwa kuwa alikuwa ndani akinyonyesha. Siku mbili hakugusa kitabu. Siku ya tatu, nikiwa pale nimeleta kijitabu kipya kutoka posta, aliweka bahasha juu ya sanduku bila kuifungua.

"Mama," akasema. Alikuwa ameshaacha kumwita Mwalimu. "Kama unataka mtoto wa kiume, niambie. Ng'ombe ulitoa. Sitakataa."

Nilitaka kuondoka, Teresia akanipa ishara nikae. Alikuwa akichambua maharage, na aliyachambua mpaka yakaisha kwenye ungo.

"Nataka," akasema. "Nimemtaka tangu nina umri wako. Nikikwambia sitaki nitakuwa mwongo, na wewe utajua." Akapangusa ungo. "Lakini mimi pia niliwahi kutolewa kwenye benchi nikazae. Masista walikuja nyumbani mara mbili kunifuata, baba akawadanganya kwamba naumwa. Sitamfanyia mtu hivyo halafu nimwite mwanangu."

"Na mji?"

"Mji upi? Mji wa Simioni tuliuacha kule mlimani tulipohamishwa. Kiwanja hiki nilipewa na kijiji kwa jina langu. Rubeni akitaka, akazungumze na daftari."

Mogesi akalia kidogo, bila sauti. Teresia akamwacha alie. Kisha akavuta bahasha, akaifungua mwenyewe kwa kisu cha jikoni, akatoa kijitabu, akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti. Ilikuwa habari ya mzunguko wa damu. Kwenye mstari wa nne akapotea, akauliza.

Alikwenda pia kwa Mwikwabe na kumwambia mbele ya wazee kwamba Mogesi si mke wa nyumba yake tena bali ni binti yake yeye Teresia, na kwamba ng'ombe hatawadai. Wazee hawakuwa wamewahi kusikia jambo la namna hiyo, wakabishana mchana kutwa. Mwishowe wakaona kwamba mwenye mali akisema mali yake iende, hakuna wa kumzuia. Rubeni alikasirika, na kwa muda mrefu hakumsalimu. Hilo lilimuuma Teresia kuliko alivyoonyesha, maana yeye ndiye aliyemlea Rubeni kama mdogo wake tangu alipoolewa.

Mogesi alisoma kwa posta miaka miwili. Mwaka sabini na saba kijiji kilitakiwa kuchagua msichana mmoja wa kwenda Musoma kufundishwa kazi ya kliniki ya mama na mtoto: kupima wajawazito, kupima uzito wa watoto, kuchanja. Sharti lilikuwa cheti cha darasa la saba. Mogesi hakuwa nacho. Alikuwa na karatasi za posta, zilizosahihishwa na kugongwa mhuri, na cheti chake cha kisomo, kwani mwaka huo tulifanya mtihani pamoja mimi na yeye.

Mwalimu Nikolaus ndiye aliyetuokoa, na sikutarajia. Alikuja mwenyewe barazani kwa Teresia, akaomba aonyeshwe karatasi zile. Alizisoma zote, moja baada ya nyingine, miwani machoni. Kisha akasema atawaandikia wilayani, awaeleze kwamba huyu ni mwanafunzi wake wa zamani, aliyeondoka kwa sababu wanayoijua, na kwamba yeye kama Mwalimu Mkuu anaamini Mogesi anaweza kuliko wale aliowapa vyeti.

"Hawatakukasirikia?" Teresia akamwuliza.

"Huenda," Nikolaus akasema. "Ile barua ya kwanza niliiandika mara tatu ndipo nikaridhika nayo. Nadhani hii nitaiandika mara moja."

Wilayani walimwita, wakampa majaribio ya kuandika na hesabu siku nzima, wakamkubali. Januari akapanda basi, akiwa na sanduku la bati ambalo Mwikwabe alimnunulia. Felista alibaki mgongoni kwa Teresia. Alikuwa na miaka miwili na nusu, hakulia basi lilipoondoka, alilia jioni yake alipoona sahani ni mbili. Teresia aliongeza ya tatu, ikakaa tupu mezani kwa wiki nzima mpaka mtoto akazoea.

Mafunzo yalipokwisha Mogesi alipangiwa Mugumu, wilaya ya Serengeti, na huko ndiko alikokaa. Aliolewa na mwalimu wa kabila la Waikoma na kupata watoto wengine. Felista alipofikisha umri wa kuanza shule, mamake alikuja kumchukua. Niliogopa kwa ajili ya Teresia siku ile, lakini yeye alikuwa amefunga mizigo ya mtoto tangu juzi yake, na ndiye aliyewaharakisha wasichelewe basi. Rubeni, ambaye wakati huo alikuwa amepatana naye, alibeba kikapu cha ndizi mpaka kituoni.

Mogesi alimsihi Teresia ahamie kwake. Kulikuwa na chumba, kulikuwa na bomba la maji uani, na wajukuu walimtaka. Teresia alikwenda mara moja, mwaka themanini na tatu. Nilimshonea gauni la safari, la kitenge cha bluu, na Abdurahmani alimtafutia raba mpya Tarime. Alisema atakaa miezi miwili.

Siku ya tisa nilimwona akishuka kwenye lori la mahindi mbele ya duka letu, gauni limejaa vumbi.

"Mbona mapema?" nikamwuliza. "Kuna tatizo?"

"Hakuna. Wazima wote. Wana kila kitu." Alipangusa raba moja kwa kisigino cha nyingine. "Ila mchana wote wanakwenda kazini na shuleni, nabaki naangalia ukuta. Na wimbi langu nililiacha na magugu."

Akaniomba maji, akanywa amesimama, akaenda kupalilia.